Nyuki wa bluu hapa Tabora: anayejua namna ya kumnasa akiwa hewani aje hapa

#1 cheyo_boy
Wakuu salama? Naomba wanaojua kamera na wanaojua wadudu mje hapa maana nimegonga mwamba. Nyumbani Cheyo mama kapanda nyanya chungu pembeni ya ukuta wa jiko, af kivumbasi kimejiotea chenyewe pale pale. Tangu mvua zikolee kuna nyuki anakuja asubuhi, sio hawa wa asali, urefu ni kama wao ila mnene zaidi, mweusi, na mgongoni ana bluu. Bluu kweli, ya kung'aa, sio ile ya kulazimisha. Sijui ni mistari au madoa maana hatulii, anasimama hewani mbele ya ua nusu sekunde, anaruka pembeni, anarudi, ukipepesa macho hayupo.

Nina Canon ya mtumba na lenzi ile inayokuja na kamera, 18-55. Nikifokasi kashahama. Nikibonyeza nikawahi, napata ua zuri sana na kivuli cheusi pembeni. Nataka picha moja tu akiwa anaruka, rangi ionekane. Inawezekana bila lenzi ya milioni? Na huyu ni nani hasa?

#2 kapuku_og
Uzi bila picha ni chai. Weka picha.

#3 cheyo_boy
Nimeweka tatu hapo juu, hizo ndo afadhali. Ya pili mtazame kona ya kulia.

#4 kapuku_og
Kona ya kulia naona uchafu wa lenzi mkuu. Futa na shati kisha urudi 😂

#5 Mhasibu_Kanyenye
Nimekaa pale nasubiri wataalamu. Mimi huyo mdudu nimemuona pia Kanyenye nikadhani macho yangu yanazeeka.

#6 Lenzi_Chakavu
Mleta mada shida yako ya kwanza sio lenzi, ni kwamba unamkimbiza. Kumfuata nyuki na kamera ni kama kukimbiza kuku wa jirani, utachoka wewe yeye yuko fresh. Chagua ua moja analolipenda, weka fokasi kwa mkono mbele kidogo ya hilo ua, zima oto fokasi kabisa, kaa kimya. Akiingia kwenye ile sehemu bonyeza mfululizo. Nyingi utafuta, ndo kazi yenyewe ilivyo.

Pili, spidi ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga. Nyuki wa asali anaweza kwenda kama mita 7 kwa sekunde akiwa safarini. Ukipiga 1/1000 ina maana ameshasogea milimita 7 wakati shata iko wazi, na mwili wake wote ni kama milimita 12. Unategemea nini hapo? Nenda 1/2000 kwenda juu, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande hata 1600, chengachenga sio dhambi. Ila huyu wako kwa maelezo yako anasimama hewani, hiyo ni bahati, hiyo nusu sekunde aliyosimama ndo yako.

#7 Nyukilojia
Habari zenu. Nilisoma chuo cha nyuki hapa hapa Tabora ingawa sasa nafanya mambo mengine. Kwa maelezo hayo huyo ni Amegilla. Ni nyuki wa porini asiyeishi kwenye kundi, kila jike anachimba tundu lake kwenye udongo au ukuta wa tope, hana malkia, hana mzinga, hatengenezi asali ya kurina. Ana mistari tumboni, baadhi ya spishi mistari ni bluu. Ulimi mrefu, mara nyingi anautanguliza mbele kabla hajafika kwenye ua. Anapenda sana maua ya jamii ya kivumbasi.

Na pale kwenye nyanya chungu sikiliza vizuri. Akitua analishika ua, analitikisa kwa misuli ya kurukia, mlio unabadilika unakuwa mkali, poleni (chavua) inamwagika. Nyuki wa asali hawezi hiyo. Kuna ndugu yake wa Australia walimpiga video ya taratibu wakakuta anagonga ua kwa kichwa kama mara 350 kwa sekunde.

#8 kapuku_og
Mara 350 kwa sekunde na kichwa hakiumi? Mimi dari la daladala moja tu.

#9 DadaUyui
Nyukilojia nakuheshimu ila mleta mada kasema hajui kama ni mistari au madoa. Kama ni madoa basi sio Amegilla, ni Thyreus. Huyo ni mweusi tii na madoa ya bluu kama ya kuchora, na ndiye mzuri kuliko wote. Yeye hachimbi tundu, anavizia tundu la Amegilla, mwenyewe akitoka yeye anaingia anataga yai lake humo. Mtoto wake anakula chakula alichowekewa mwenzie. Ndo maana unawakuta sehemu moja, na maua yao ya kunywa ni yale yale.

Cheyo_boy angalia miguu ya nyuma. Ikiwa na poleni imemganda, ni Amegilla. Ikiwa safi ni Thyreus, maana huyo habebi poleni, ya nini wakati halei?

#10 Nyukilojia
Dada hapo kwenye miguu umechanganya kidogo. Dume la Amegilla nalo halibebi poleni, miguu inakuwa safi vile vile. Kwa hiyo ukikuta poleni umepata jibu, usipokuta bado uko pale pale.

#11 DadaUyui
Dume sawa, lakini hata dume ana mistari sio madoa. Tunarudi kwenye picha, na picha hatuna.

#12 mwisho_wa_reli
Niko Kigoma huku. Hao mbona wa kawaida, Ujiji kwenye kuta za nyumba za zamani wamejaa. Nyie watu wa Tabora mkiona kitu chenye rangi mnaita mkutano.

Ila kuna mwingine mnamsahau, nyigu mdogo wa kijani na bluu anayemetameta mwili mzima, naye anazunguka matundu ya ukuta anataga kwenye viota vya wengine. Ukimgusa anajiviringa. Watu wengi wanamuita nyuki. Mleta mada una uhakika kiuno chake sio chembamba?

#13 cheyo_boy
Mkuu kiuno nikione wapi, nimeshindwa kuona mgongo. Ila ana manyoya, hiyo nina uhakika, kifuani ni kama kahawia hivi.

#14 DadaUyui
Manyoya ya kahawia kifuani? Haya Nyukilojia chukua hiyo moja.

#15 Nyukilojia
Asante 😎

#16 TX_mtaa_wa_pili
Mbona hamjataja yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa? Mabawa yake juani yanatoa bluu na zambarau. Kwetu Ipuli wanatoboa kenchi mpaka unga unadondoka kitandani. Inawezekana bluu anayoiona ni mng'ao wa bawa tu.

#17 Lenzi_Chakavu
Huyo ni mkubwa mno, mleta mada kasema saizi ya nyuki wa asali. Ila point ya mng'ao ni muhimu na ndo nilikuwa nakuja huko. Rangi za namna hii zinabadilika kulingana na mwanga unatoka wapi. Jua la saa sita linapiga juu moja kwa moja, nywele zinaakisi mweupe mtupu, bluu inapotea. Ndo maana mtu anaona bluu kwa macho, akifungua picha anakuta kijivu analaumu kamera. Piga asubuhi au kwenye kivuli chepesi. Ukitumia flashi izibe na kitu cheupe, mimi natumia kipande cha dumu la maziwa nimekikata nikakifunga na mpira.

#18 Mhasibu_Kanyenye
Au rangi imepauka kweli? Nywele za mdudu nazo zinachakaa akizeeka, labda anayepigwa picha ni mzee.

#19 Nyukilojia
Inawezekana pia. Mwishoni mwa msimu unawakuta wamechakaa, mabawa yamechanika pembeni, mistari imefifia.

#20 mwenye_godox
Mnazunguka sana. Nunua flashi yenye hai spidi, ile inayokubali shata za haraka sana, weka shata 1/4000, mchezo umeisha. Bawa linasimama kabisa.

#21 Lenzi_Chakavu
Haliishi hivyo mkuu. Ukiwasha hiyo hai spidi flashi haitoi mlipuko mmoja, inatoa mingi midogo mfululizo muda wote shata inapita, nguvu inashuka na faida ya kugandisha inaondoka, unabaki na 1/4000 ya shata peke yake. Nyuki wa asali anapiga bawa kama mara 230 kwa sekunde. Kwa 1/4000 mwili utakuwa safi ila ncha ya bawa bado itavuta.

Njia ya kugandisha bawa ni kinyume chake. Shata iache 1/200, flashi ya kawaida, lakini ishushe nguvu mpaka 1/32. Flashi nyingi za kuchomeka juu ya kamera zikishushwa hivyo, mwanga wenyewe unawaka kwa 1/10,000 ya sekunde au chini ya hapo. Huo mwanga ndo unakuwa shata yako. Sharti uwe kivulini, f/11 (tundu la lenzi umelibana), ISO 100 au 200, ili bila flashi picha itoke nyeusi kabisa. Ukifanya hivyo juani utapata nyuki wawili, mmoja mkali na mwingine kivuli chake kinamfuata nyuma.

#22 mwenye_godox
Mimi zangu zinatoka poa tu na hai spidi.

#23 Lenzi_Chakavu
Weka moja tuone bawa.

#24 kapuku_og
Kimyaaaa

#25 Sikonge_Mzee
Mwangaluka wanangu. Mimi kamera sina, nina mizinga. Huyo mdudu tangu utoto tunamuona, anakaa kwenye ukuta wa tofali mbichi upande usionyeshewa mvua. Nenda nyuma ya jiko la mama yako kijana, angalia ukutani kimo cha goti mpaka kiuno, utaona vitundu vya duara vya kuingiza penseli, chini yake kuna vumbi jipya. Anayeingia na kutoka hapo ndiye huyo. Kabla hajaingia huwa anasimama hewani mbele ya tundu lake kwanza, kila mara. Msihangaike kwenye maua.

#26 Lenzi_Chakavu
Shikamoo mzee. Hii ndo post ya uzi mzima. Tundu halihami, kwa hiyo unaweka stendi, unafokasi sentimita chache mbele ya tundu, unakaa kwenye kigoda unasubiri.

#27 Sikonge_Mzee
Marahaba. Ila usikae mbele ya tundu, kaa ubavuni. Ukimzibia njia atazunguka mpaka achoke, anaingia kwa jirani.

#28 DadaUyui
Na hapo hapo kwenye matundu ndo Thyreus anapovizia. Akionekana mmoja ananing'inia hewani mbele ya tundu lisilo lake, haingii, anasogea la pili, mpige huyo huyo. Mtanikumbuka.

#29 Tumbili_wa_Kibirizi
Shortikati: mkamate na chupa, weka kwenye friji dakika chache, mtoe mweke kwenye ua. Anakuwa mpole, unapiga utakavyo. Picha nyingi kali za mitandaoni zinapigwa hivyo.

#30 Sikonge_Mzee
Mdudu wa Mungu unamtia kwenye friji na samaki wenu wa Kigoma, migebuka?

#31 mwisho_wa_reli
Mzee usitutie aibu, sio wote Kigoma tuko hivyo 😂

#32 Lenzi_Chakavu
Tumbili hapo unapata picha ya nyuki aliyeganda kakaa. Mada ni akiwa hewani. Akitoka kwenye baridi anatetemesha misuli ya kifua kwanza mpaka ipate moto, hawezi kuruka kabla ya hapo, na ikishapata moto anaondoka mara moja, hutamuona tena. Kwa hiyo hata kwa kazi yenyewe haisaidii, achilia mbali kumtesa.

Kama unataka mpole, nenda jioni jua likizama au alfajiri. Hawa madume wanalala wameng'ata kijiti kwa taya, miguu inaning'inia, wakati mwingine wako kadhaa kwenye kijiti kimoja. Unawahi kabla jua halijawapiga, unaweka fokasi, unasubiri waamke wenyewe. Anapokiachia kijiti ndo shoti yako, unajua ataondokea wapi.

#33 Nyukilojia
Sahihi. Thyreus nao wanalala hivyo hivyo, kwa hiyo DadaUyui utapata mgogoro wako utatuliwe bila kukimbizana.

#34 binti_wa_Igunga
Sisi wa simu tunafanyaje jamani? Sina kamera.

#35 TX_mtaa_wa_pili
Tumia slomo, fremu 240 kwa sekunde, kisha unachagua fremu nzuri unaikata. Kuna kichekesho kimoja, kwa kuwa bawa la nyuki wa asali linapiga kama 230 na simu inachukua 240, kila fremu inamkuta bawa karibu pale pale, ukicheza video unaona anapiga mabawa polepole sana, kama anaogelea.

#36 Lenzi_Chakavu
Kweli kabisa, ila ajue fremu ya video ya 1080 ni kama megapikseli 2 tu, akikata na kukuza hapati kitu cha kuchapa. Kwa kujua kama ni mistari au madoa inatosha sana. Dada Igunga kuna vilenzi vya kubana mbele ya simu, vya kukuza, si ghali, angalia tu usinunue cha plastiki. Mimi niliuziwa flashi feki duka moja Kariakoo silitaji, ikawaka mara moja ikalala moja kwa moja, kwa hiyo jaribu hapo hapo dukani.

#37 kapuku_og
Wakuu nje ya mada kidogo, ni kweli wale nyuki wauaji wa Marekani asili yao ni Tabora? Niliwahi kusikia.

#38 mwisho_wa_reli
Hata nyuki wenu wabaya. Tulijua.

#39 Nyukilojia
Imetiwa chumvi. Profesa mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa Afrika mwaka 1956 ili wachanganywe na nyuki wa Ulaya waliokuwa hawawezi joto la kule. Wengi walitoka Afrika Kusini, Tabora ilichangia kidogo mno. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka, yakasambaa mpaka yakafika Marekani. Kwa hiyo Tabora imo kwenye hadithi ila sio mwenye hadithi.

#40 Sikonge_Mzee
Na sio wauaji. Wanajua kwao tu.

#41 Mhasibu_Kanyenye
Turudi kwenye mada. Kwa nini zamani tulikuwa tunawaona sana hawa wa rangi na sasa mpaka mtu afungue uzi?

#42 binti_wa_Igunga
Dawa za nyanya. Watu wanapuliza asubuhi saa zile zile wadudu wako kwenye maua.

#43 TX_mtaa_wa_pili
Mimi nasema nyumba. Kila mtu sasa ni tofali la saruji na plasta, watachimba wapi? Mzee hapo juu kasema ukuta wa tope.

#44 Nyukilojia
Na miti. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, huko Urambo na Kaliua miombo imeliwa sana. Ingawa huyu anaweza kuishi hata kwenye bustani ya mjini, kwa hiyo sina uhakika kama miti ndo inamuumiza yeye hasa au hawa wa asali.

#45 mwisho_wa_reli
Au hawajapungua, ni nyie mmekua mmeacha kuchutama kwenye vichaka. Mtoto anaona kila mdudu.

#46 Mhasibu_Kanyenye
Hiyo nayo ina ukweli wake, shambani sijachutama tangu nipate kitambi.

#47 cheyo_boy
Wakuu nimerudi. Mzee wa Sikonge nakushukuru sana, matundu yapo nyuma ya jiko, upande wa magharibi, kimo cha goti kama ulivyosema, na vumbi lipo. Nimekaa ubavuni na kigoda cha mama, lenzi ile ile ila nimeazima ringi zile tupu za kuchomeka nyuma ya lenzi, na flashi ya jamaa wa harusi, dumu la maziwa mbele yake. Zilizopona nimeweka hapo juu. Ya kwanza yuko hewani, kichwa kiko kwenye fokasi, bawa limesimama mpaka mishipa inahesabika. Mgongo umetoka nje ya fokasi.

#48 Lenzi_Chakavu
Dogo hiyo picha ni ya maana! Umeona matone ya maji kwenye nywele za kichwa? Mgongo umekimbia kwa sababu umesogea karibu mno. Ukikuza mpaka ukubwa wake halisi, yaani ndani ya kamera kwenye sensa atoke saizi ile ile ya mwili wake, kwa f/11, kina cha fokasi ni kama milimita moja tu. Toa ringi moja, rudi nyuma mpaka awe nusu ya ukubwa wake, utapata milimita mbili na nusu hivi, kisha kata picha baadaye. Na msubiri awe ubavu kwa kamera, sio anakutazama.

#49 DadaUyui
Mimi naangalia ile ya tatu. Ukikuza pale tumboni hiyo bluu imekatika katikati. Mstari haukatiki. Hayo ni madoa.

#50 Nyukilojia
Mstari wa Amegilla unaweza kuonekana umekatika nywele zikichakaa katikati. Na angalia kifua, kahawia ile pale.

#51 DadaUyui
Kahawia ni ukuta nyuma yake! Ya kwanza na ya tatu sio mdudu mmoja, huoni huyu wa tatu yuko mbali na tundu?

#52 mwisho_wa_reli
Ya tatu mimi naona kiuno chembamba. Nipo na nyigu wangu.

#53 TX_mtaa_wa_pili
Huenda wote mko sahihi, mwenye nyumba na mwizi wake wamepigwa siku moja.

#54 Nyukilojia
Cheyo_boy kesho jioni pita kwenye vijiti vya kivumbasi na tochi, tafuta waliolala, piga mgongo kwa juu. Na mwambie mama asilime pale chini ya ukuta kwanza.

#55 cheyo_boy
Mama anasema asilime kwa ajili ya nani 😂 Nimemuonyesha picha, kakubali mpaka nyanya chungu ziishe kuchumwa. Flashi lakini natakiwa kuirudisha Jumamosi, jamaa ana harusi.

#56 kapuku_og
Lenzi_Chakavu hivi flashi ya mtumba iliyo nzima inaenda bei gani? Nami kwetu kuna ukuta wa tope.

#57 Lenzi_Chakavu
Ulisema ni uchafu wa lenzi wewe. Njoo inboksi, na usianze na punguzo.